Jiko la Kubeba Sufuria Kubwa

Biharamulo,
14 Januari 2017

Mama mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo. Celestini anakusalimu sana. Mgongo wake umepona tangu aache kubeba mifuko ya saruji mwenyewe kama vile bado ana miaka ishirini. Watoto wamefungua shule na tayari wamepoteza sweta moja. Dukani kumechangamka kidogo. Mbali na ndoo na mabeseni, sasa nauza majiko na mitungi ya gesi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako imezimwa tangu Krismasi. Nimempigia jirani yako Bernadetha, naye akanijibu, "Mama yako kasema ukimtaka uandike." Haya, nimeandika. Ulinifundisha mwenyewe kushika kalamu, leo unanitesa nayo.

Mama, daktari aliyekupima Novemba alisema mbele yangu kwamba mapafu yako yamechoka na moshi. Hakusema upunguze moshi, alisema uache. Ukamjibu kwamba moshi huo ndio uliokulea. Yeye akacheka. Mimi sikucheka.

Sasa chagua moja kati ya mawili, na "hapana" haimo. La kwanza ni gesi. Unafungua mtungi, unawasha kiberiti, unapika, na umeme ukikatika haikuhusu. Ubaya wake ni kwamba ukiisha lazima mtu aupeleke Ngara mjini kubadilisha, na ukisahau kufunga unaweza kuunguza nyumba. La pili ni jiko jipya la umeme, lile la sumaku. Juu ni kioo kitupu, hakuna moto wala waya unaowaka mwekundu. Linapasha sufuria yenyewe. Ukiondoa sufuria linazima. Nguzo za umeme zimeshafika kwako, na nyumba imeshafungwa waya. Kazi ya huo umeme isiwe kuangaza popo tu.

Niambie ni lipi, nami nitalituma. Naomba unijibu upesi.

Mwanao,
Claudia


Mugoma,
5 Februari 2017

Claudia mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mgongo wa mkwe wangu umepona, mwambie nimemwombea. Sweta iliyopotea muulize yule wa kati, maana na wewe ulikuwa hivyohivyo. Hapa mvua imekuja vizuri, maharage yamesimama, na kahawa nyuma ya nyumba imetoa maua mengi. Mzee wa kigango amefunga ndoa tena. Watu wanasema sana. Mimi nilikula pilau nikanyamaza.

Kuhusu simu, unajua hapa kwetu ilivyo. Nikisimama mlangoni niko Tanzania, nikienda jikoni simu inanikaribisha Burundi na vocha yote inaliwa. Tena kwenye simu wewe huongea peke yako. Kwenye barua na mimi napata zamu.

Nimesoma mashairi yako ya majiko. Gesi siitaki. Sijaona mtu mwenye akili anayenunua bomu na kuliweka chini ya meza. Umeme nao ulikatika hapa Jumapili baada ya misa, ukarudi Alhamisi. Siku hizo zote tungetafuna kioo? Na hayo yote mawili ni majiko ya watu wanaokaanga yai. Hapa tunapika maharage, yanawekwa asubuhi na kuliwa jua likiwa kichwani. Hiyo gesi yako itakwisha kabla hayajaanza kulainika. Nina mafiga yangu matatu, alinipangia bibi yako mzaa baba siku nilipoingia nyumba hii, na hayajawahi kukatika umeme.

Huyo daktari ni mtoto. Bado ana chunusi.

Ila nauliza tu, usidhani nimekubali: hilo la gesi linabeba sufuria ya ukubwa gani? Ile kubwa tuliyonunua kwa ajili ya kipaimara chako inaweza kukaa juu yake bila kuanguka?

Wabusu wajukuu.

Mama yako,
Domisiana


Biharamulo,
20 Februari 2017

Mama,

Shikamoo. Sweta imepatikana, na ni kweli ilikuwa kwa yule wa kati. Celestini anakushukuru kwa maombi.

Nimesoma barua yako mara mbili, na ile sehemu ya mwisho nimeisoma mara nyingi zaidi. Mama, tangu baba afariki unapika kwenye kile kichungu kilichovunjika mdomo. Mwaka jana nilipokuja ulipika vikombe viwili vya maharage, tukala wawili, na yakabaki. Sufuria ya kipaimara ililisha kwaya nzima na wageni wa Nyakisasa. Unampikia nani?

Labda ni jumuiya wanaokutana kwako. Kama ni hao, waambie wapike kwa zamu, wasikumalize.

Kwa kuwa hutaki kuchagua, nimekuchagulia mimi. Nimempa Luhende, dereva wa Coaster ya Ngara, jiko la umeme la sumaku. Lina sehemu ya sufuria moja, inakutosha. Gesi ninaiogopa, unasahau vitu siku hizi, hata simu umesahau kuiwasha. Chomeka ukutani, bonyeza kitufe chekundu, weka sufuria. Moshi sitaki kuusikia tena. Yale mafiga wape kuku walalie.

Mwanao anayekupenda na ambaye hatanii,
Claudia


Mugoma,
19 Machi 2017

Claudia,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, kikohozi changu nacho kinaendelea vizuri. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na mtu mwenye hasira asiandike barua. Bado ninayo, lakini karatasi nimeshainunua.

Jiko lako limefika. Luhende alilishusha kama jeneza, watu wakasogea kuangalia. Tuliliweka juu ya meza, nikachomeka, nikabonyeza. Likawaka taa. Nikaweka chungu changu juu. Likalia tii, tii, tii, kama kifaranga kilichopotezwa na mama yake, likazima. Nikaondoa chungu, nikaweka sufuria. Likalia tena, likazima. Bernadetha akasema labda linataka maji kwanza, tukatia maji. Tii, tii, tii. Tukaweka sufuria nyingine, na nyingine, mpaka vyombo vyote vya nyumba hii vikapita pale juu kama vinakwenda kupokea komunyo, na jiko lako likavikataa vyote. Kezia akasema labda tulisalie rozari. Tulicheka mpaka nikakohoa, nikakohoa mpaka nikakaa chini.

Wewe ni mfanyabiashara wa vyombo. Umemtumia mama yako jiko lisilotaka vyombo vya mama yako. Umelinunua ukiwa unatazama kioo chake, hukunitazama mimi. Sasa nimelifunika kitambaa na kuweka juu yake sanamu ya Bikira Maria, ndiyo kazi pekee linayoiweza.

Narudi kwenye mafiga yangu. Na swali langu la gesi hukulijibu.

Mama yako,
Domisiana


Biharamulo,
2 Aprili 2017

Mama,

Shikamoo.

Kuhusu jiko umenishinda, nakubali. Linataka sufuria yenye chuma, ile inayonaswa na sumaku. Chungu na sufuria zetu hizi za kawaida halizitambui. Hata mwenye duka la jumla Mwanza hakuniambia, nami nilifungua boksi nikaona linapendeza. Wateja wawili wamenirudishia yao na maneno machafu, kwa hiyo si wewe peke yako. Sufuria inayofaa ninayo moja, ndogo ya kuchemshia chai. Sikutumii, maana naona chai siyo shida ya nyumba hiyo.

Kezia ni nani?

Nimemuuliza Luhende. Kwanza alijifanya anakagua tairi. Baadaye akaniambia: "Dada, mimi nilishusha mzigo tu. Aliyekuja kunipokea ni mwanamke mgeni, mtoto mgongoni, kajifunga kitenge cha mama. Akanisalimu kwa Kirundi, amahoro. Nikajibu amahoro, nikaondoka. Mambo ya nyumba za watu siyajui." Kwa hiyo sasa najua kwa nini simu imezimwa. Uliogopa nisikie watoto nyuma yako wakilia kwa Kirundi.

Mama, umesahau mwaka wa tisini na nne? Mimi sijasahau. Nilikuwa na miaka tisa. Wakimbizi walilala sebuleni, walilala stooni, walilala chini ya migomba. Vilima vyote vikanyolewa kuni, nikawa natembea na shangazi mpaka upande wa Keza kutafuta vijiti, na tukirudi uji wangu ulikuwa umeshagawanywa kwa watoto ambao majina yao sikuyajua. Nilikuwa na njaa, Mama. Nilikuwa na njaa katika nyumba yenye migomba. Baadaye wakaondoka wote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuandika kuuliza kama sisi tuko hai.

Tena hii si ruhusa. Mkimbizi mahali pake ni kambini, hata mtoto wa shule anajua hilo. Kazimili ni mwenyekiti wa kitongoji, hawezi kunyamaza milele. Wakija kukuchukua wewe, nitasema nini?

Gesi ninazo dukani, kubwa na ndogo. Sitatuma hata kiberiti kwa ajili ya sufuria hiyo. Mpeleke huyo mwanamke kambini, kisha njoo ukae na sisi. Chumba kipo.

Claudia


Biharamulo,
7 Mei 2017

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu. Luhende anasema anakuona shambani na unamgeuzia mgongo. Kikohozi kikoje? Niandikie hata mstari mmoja wa kunitukana.

Claudia


Mugoma,
4 Juni 2017

Mwanangu Claudia,

Marahaba. Leo ni Pentekoste, nimetoka kanisani, na nimeona nikuandikie nikiwa bado msafi. Maharage tumevuna, mengi. Kahawa imeanza kuiva. Mbuzi mweupe amezaa mapacha.

Sikukujibu kwa sababu uliandika kweli, na kweli huwa sikimbilii kuijibu. Sasa nisikilize mpaka mwisho, hapa huwezi kunikatiza.

Anaitwa Niragira. Unamjua, ila hukumwangalia usoni. Kila mwaka walikuwa wanavuka na mume wake kuja kuchuma kahawa yetu, tangu baba yako akiwa hai. Ndiye aliyemfunga baba yako bandeji alipojikata na panga, wewe ukiwa kwako Biharamulo na mimi nikiwa sokoni. Siku ya mkesha wa Krismasi alifika mlangoni na wasichana wawili, Kezia na Kaneza, na mtoto mchanga mgongoni, bila mume. Mume alimwambia, "Tangulia kwa mama wa kahawa, nitakukuta hapo." Hajaja. Kambi iko mbali huko Kibondo. Anasema akienda huko, mume wake akija atakuta mlango usio wake. Anangoja hapa kwa sababu hapa ndipo alipoagizwa. Wanalala chumbani kwako. Ndiyo, chumbani kwako, kitandani kwako, na picha yako ya harusi iko ukutani inawatazama.

Unasema nilikupunguzia uji. Ni kweli. Nilikuona unavyoangalia bakuli, nikageuza uso nikaendelea kupakua. Sitakuomba msamaha, Claudia, na usikae ukiungoja. Ulikuwa na njaa, wao walikuwa wanakufa. Nilikuwa na sufuria moja, mwiko mmoja na macho mawili, nikapakua kwa jinsi nilivyoona. Ningekupunguzia tena leo. Na ningelia tena jikoni kama nilivyolia wakati ule, ukadhani ni moshi.

Unasema hawakuandika. Mimi sikuwapikia ili waniandikie.

Kazimili amekuja mara mbili. Mara ya kwanza kwa upole. Mara ya pili alikuja na barua yenye muhuri, akasema, "Mama Domisiana, sheria ni sheria, nipeleke jina lake au nipeleke lako?" Nikamwambia apeleke yote mawili, tena langu aliandike vizuri, lina herufi nyingi. Akaondoka akitikisa kichwa. Si mtu mbaya, anaogopa.

Kwako siji. Huyu hatoki hapa kwa mkono wangu. Kama atatoka, atatolewa.

Sasa la jiko. Moshi unaniua, hilo najua, sihitaji daktari mwenye chunusi. Na Niragira naye ameanza kukohoa, na mtoto mchanga anapiga chafya. Kwa hiyo nakubali gesi. Nataka lenye mafiga mawili, siyo lile la kukaa juu ya mtungi, na mtungi uwe ule mkubwa. Maharage tutayaloweka tangu jana yake, Niragira anasema yakilowekwa yanawahi. Naogopa gesi, lakini nitajifunza.

Wewe unayo dukani. Uliniambia nichague, nimechagua. Ukituma dogo nitajua umesema nini, na usipotuma nitajua pia. Mafiga yangu bado yana moto.

Mama yako,
Domisiana


Kituo cha kupokelea wakimbizi,
29 Juni 2017

Claudia,

Hatujambo. Karatasi hii nimeomba kwa sista, kwa hiyo naandika kidogo.

Walikuja Jumatatu na gari. Hawakuwa wakali. Kijana mmoja alimbeba Kaneza vizuri na kumpa biskuti. Wakasema Niragira ataandikishwa hapa, kisha wapelekwe kambini kwa basi la Jumanne ijayo. Niragira akafunga vitu vyake. Hapo ndipo nilipopanda na mimi. Wakaniambia, "Bibi, shuka, wewe ni raia." Nikawaambia nitashuka wakishuka hao. Wakacheka, wakangoja. Nikakaa. Mwisho dereva akawasha gari.

Hapa karani aliniuliza jina. Nikampa. Akauliza nimekimbia nini. Nikasema sijakimbia chochote, ndiyo shida yangu na ninyi. Nimewaambia waandike kwamba mume wa mwanamke huyu akija atakuta nyumba imefungwa, kwa hiyo ama wampe ruhusa akangojee kwangu, ama watupandishe wote kwenye basi. Mkubwa wao anasema ruhusa kama hiyo ipo lakini ni ya nadra, na lazima awepo ndugu wa kudhamini, mwenye kazi inayojulikana. Nikamwambia mimi ni mkulima. Akasema mwingine.

Sikuombi. Nakuarifu tu nilipo, usije ukasikia kwa Luhende.

Nakohoa kidogo sana. Hapa wanapikia gesi.

Mama


Mugoma,
2 Julai 2017

Mama,

Shikamoo. Barua hii anakuletea Luhende kwa mkono leo, kabla sijafika mwenyewe, na amechukua kuku wako mmoja kama nauli.

Nilipopata barua yako ya Pentekoste nilikaa nayo. Niliikasirikia kwa siku nyingi. Nilimsomea Celestini ile sehemu ya uji, nikitaka aseme nina haki. Akasema, "Una haki." Halafu akaenda stoo, akatoa jiko la mafiga mawili na mtungi mkubwa, akaviweka mlangoni, akaenda zake kulala. Vilikaa hapo, wateja wakiviruka. Bado nina hasira, Mama, na sitaki uniambie inapaswa kwisha. Ile njaa ilikuwa yangu.

Ile ya kituoni ilinifikia juzi, na jana nimekuja navyo mwenyewe. Nikakuta mlango umefungwa, ufunguo kwa Bernadetha. Nikaingia chumbani kwangu. Kitanda kimetandikwa vizuri kuliko nilivyowahi kukitandika mimi. Chini yake kulikuwa na kiatu cha mtoto, cha kushoto tu. Nilikaa sakafuni nikitafuta cha kulia mpaka Bernadetha akaja kuniuliza kama naumwa.

Nimelifunga jiko, nimelijaribu kwa sabuni kwenye mpira, halivuji. Nimepika sufuria iliyojaa na haikuanguka, kwa hiyo hilo swali lako nimelijibu. Bernadetha atakuwa anashinda hapa na mlango wazi, na jina la huyo mume aliachiwa na Niragira.

Kazimili nimempitia. Ameandika kwamba ananifahamu, na ameweka muhuri. Leseni ya duka ninayo kwenye mkoba. Kesho asubuhi napanda na Luhende, nina chakula na hicho kiatu. Nikimkuta huyo mkubwa wao nitamwambia ndugu wa kudhamini nimefika. Akisema haitoshi, basi la Jumanne lina viti vingi, na duka Celestini atafungua.

Mwambie karani aache nafasi ya jina moja chini ya lako.

Mwanao,
Claudia